Miiko ya Kukodi

Watu wa mji wa Thrissur wana ugonjwa mmoja ambao hata Madhaviamma hana dawa yake: hawaheshimu kitu cha bure. Lonappan aliligundua hilo Alhamisi moja asubuhi, wiki ya kwanza ya Januari, akiwa amesimama uani kwa bibi huyo bila ugonjwa wowote wa kumpeleka pale. Alikuwa amekwenda kutazama mifuko ya watu.

Madhaviamma alikuwa na miaka themanini na kitu, na sauti ya mwalimu mkuu. Kila Alhamisi aligawa dawa ya ini, kama mama yake na bibi yake walivyofanya. Alichuma kizhanelli, kile kijimmea kinachoota kando ya mifereji, chenye vitunda vilivyojificha chini ya majani, akakisaga kwenye jiwe na kukichanganya na maziwa ya mbuzi. Mgonjwa alikunywa kabla ya kutia kitu kingine tumboni. Pesa hakupokea kabisa, maana katika ukoo wao dawa ikishauzwa inabaki majani tu. Alichodai ni miiko, na miiko yenyewe ilikuwa balaa: wiki mbili bila chumvi, bila mafuta, bila samaki, bila nyama, bila tone la kileo. Ukimaliza, alisema, nenda hospitali wakupime, usije kuniuliza mimi kama umepona.

Siku hiyo foleni ilikwama kwa sababu ya Porinchu, meneja wa duka kubwa la dhahabu pale mjini, mtu wa tumbo, pete nne na macho yenye umanjano kidogo pembeni.

"Bibi, nitalipa mara mbili," alisema Porinchu.

"Mara mbili ya nini? Bure mara mbili ni bure."

"Basi uniruhusu chumvi kidogo. Na Jumapili kipande cha samaki."

"Mwanangu, umekuja kutibiwa au kuagiza chakula? Nipishe, watu wanaumwa."

Porinchu akageuka na kuondoka bila dawa, amenuna. Watu wote wakamtazama kwa huruma au kwa kicheko. Lonappan peke yake alimtazama kwa upendo. Hapa palikuwa na tajiri mwenye pesa mkononi na hana wa kumpa, na kumwacha mtu katika hali hiyo Lonappan aliona ni dhambi.

Nikueleze kidogo kuhusu Lonappan, usije ukamdharau. Huyu ndiye aliyewahi kuwauzia wageni nafasi za mstari wa mbele kwenye maandamano ya ndovu, maandamano ambayo mji mzima huyatazama bure. Alikata na tikiti, zikawa na namba. Lakini mwezi huo alikuwa na jambo zito. Binti yake Jincy, nesi, alikuwa anaolewa katikati ya Februari. Siku ya uchumba Lonappan alisimama, glasi tatu zimeshapita, akatangaza kwamba yeye baba atamvika bintiye mkufu wa dhahabu wa pavani tano, yaani gramu arobaini nzima. Watu wakacheka. Bwana harusi naye akacheka. Jincy hakucheka, aliinamia sahani yake, akawa anachezea wali kwa kidole. Hilo ndilo lililomkaa Lonappan rohoni. Mkufu wa shaba uliopakwa rangi angeupata jioni ileile, na mara hii tu hakuutaka.

Akamfuata Porinchu mpaka kwenye gari.

"Bosi, samahani. Nimeyasikia yale ya chumvi, yameniuma sana."

"Wewe nani?"

"Lonappan. Mshika miiko."

"Mshika nini?"

"Miiko ya watu wengine, bosi. Mwenye kazi zake hana muda wa kukosa chumvi, basi naikosa mimi kwa niaba yake. Wewe kunywa dawa, kula unavyotaka. Mimi nashinda na uji kwa jina lako."

Porinchu akacheka. "Wewe tapeli."

"Sawa. Ule msalaba mkubwa uliopelekwa kule mlimani Malayattoor mwaka juzi, aliyeubeba nani?"

Porinchu akajikuna shingo. "Dereva wangu. Mimi mgongo ulikuwa unanisumbua."

"Na nadhiri ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Kwa hiyo baraka alichukua dereva?"

"Achukue kwa lipi? Mafuta ya gari nilinunua mimi!"

"Sasa, bosi, kama msalaba unabebeka kwa mkono wa mtu mwingine, chumvi ndiyo ishindikane?"

Porinchu akamsogelea. Kisha akafanya jambo la ajabu: akamshika Lonappan kidevu, akamvuta ngozi ya chini ya jicho, akachungulia, halafu akamwambia atoe ulimi.

"Unakunywa pombe?"

"Nikinunuliwa."

"Wanaokununulia ni wengi?"

"Bosi, mji huu una wachoyo, usinikumbushe."

Porinchu akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Akaeleza shida yake. Duka si lake, ni la baba mkwe, mzee Chakkunni. Mzee amechoka kusikia habari za chupa za mkwewe, na ametoa amri: Jumapili ya sikukuu ya Mtakatifu Sebastiano anataka kuona karatasi ya maabara. Ini likiwa zima, Porinchu anabaki na ufunguo wa duka. Likiwa bovu, ufunguo unakwenda kwa mkwe wa pili, Devassy, ambaye hanywi, havuti, na kwa maoni ya Porinchu hafai hata kuuza karanga.

"Unataka nini?" aliuliza Porinchu.

"Mkufu wa pavani tano, wenye mhuri. Nitauchukua karatasi ikitoka."

"Poa. Lakini utakaa kwangu. Chumba cha nyuma kipo, na mke wangu atakupikia."

Lonappan alikuwa amepanga kuishikia miiko ile kwenye mgahawa wa nyama nyuma ya soko. "Bosi, huniamini?"

"Nakuamini sana. Ila lango langu lina kufuli, na kufuli halimwamini mtu."

Ndivyo Lonappan alivyoingia nyumbani kwa Porinchu, na ndivyo alivyoingia mikononi mwa Rosily.

Rosily, mke wa Porinchu, alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Mumewe alimwambia huyu ni mtu wa ukoo wa waganga, anamfungia nadhiri. Rosily akasema, "Haya," akaenda nyuma ya nyumba, akachuma kizhanelli kwenye mfereji wake mwenyewe, akasaga. Kesho yake alfajiri alileta vikombe viwili.

"Mbona viwili?" aliuliza Lonappan. "Dawa si anakunywa bosi?"

"Tunywe wote," alisema Porinchu. "Damu zizoeane."

Lonappan akanywa. Ilikuwa chungu mpaka kwenye masikio. Alipofungua macho alimwona Porinchu akiumwagilia mgomba kikombe chake, polepole, huku anapiga mluzi.

Sitaki kuyasimulia yote yaliyompata Lonappan kwa siku kumi na nne, maana wapo wasomaji wenye mioyo laini. Asubuhi uji wa wali bila chumvi. Mchana uji wa wali na choroko bila chumvi. Jioni Rosily alimbadilishia, akampa choroko na uji wa wali. Mezani pembeni yake Porinchu alikula nyama ya ng'ombe iliyokaangwa na vipande vya nazi, na mchuzi wa samaki mwekundu ambao harufu yake ilipita ukutani. Alikunywa pombe ya mnazi, akafuta mdomo, akamuuliza, "Vipi, bwana mshika miiko, ini langu linaendeleaje?"

"Linakushukuru, bosi," alijibu Lonappan akitazama bakuli lake.

Siku ya nne alijaribu kumhonga mwuza samaki getini. Rosily akampokonya dagaa mmoja mkavu aliyefichwa ndani ya mwavuli. Siku ya sita alimkuta akilamba mkono wake mwenyewe, baada ya kukaa juani kwa makusudi mpaka akatoka jasho.

"Unafanya nini?"

"Nasali, chechi."

Huko dada mkubwa huitwa chechi, na Lonappan alilitamka neno hilo kwa unyenyekevu wote aliokuwa nao. Rosily akavuta kiti.

"Mimi nimeolewa miaka ishirini na sita," alisema. "Mwaka jana daktari alimwambia mbele yangu, ukiendelea hivi miaka miwili hufiki. Alitoka pale akaniambia, tupite tule nyama. Sasa wewe niambie, nadhiri hii unayomfungia, yeye atapona kweli?"

Lonappan alikuwa na majibu matano tayari, yote matamu. Hakuna hata moja lililotoka. Labda ni njaa.

"Mimi nina binti, chechi," alisema badala yake, akamweleza habari ya mkufu.

Rosily alisikiliza mpaka mwisho, akachukua bakuli tupu, akaondoka. Kesho yake uji ulikuwa na tui la nazi kidogo. Chumvi haikuwemo.

Siku ya kumi na nne Porinchu alimpeleka Lonappan maabara. Lonappan alifikiri anasindikiza. Walipofika dirishani Porinchu akasema, "Mgonjwa ni huyu," akaandika kwenye fomu: Porinchu, miaka hamsini na mbili. Lonappan akakaa kwenye kiti, akakunjwa mkono wa shati, sindano ikaingia. Hapo ndipo akili yake ilipowasha taa. Ngozi ya jicho. Ulimi. Vikombe viwili. Kufuli. Porinchu hakuamini upuuzi wa miiko ya kukodi hata dakika moja. Alikuwa anatafuta damu safi, na damu safi ikamfuata yenyewe mpaka kwenye gari, ikajitambulisha kwa jina.

Nisiwafiche, jambo la kwanza lililomjia Lonappan lilikuwa heshima. Alitamani kumpa mkono. Jambo la pili lilikuwa bei.

"Bosi, hii sasa ni mikufu miwili," alinong'ona nje, karatasi ilipotoka. Ini lilikuwa zima kabisa, kila namba mahali pake.

Porinchu alikunja karatasi akaitia mfukoni. "Mikufu gani?"

"Tulipatana."

"Mbele ya nani? Nenda polisi. Waambie ulimuuzia mtu njaa na hakukulipa. Wakimaliza kucheka waambie na jina lako, naona watakuwa wanalijua." Akaingia kwenye gari. "Asante kwa damu, bwana."

Lonappan alibaki kando ya barabara na pamba mkononi. Miaka ishirini na tano ya utapeli, na hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo. Mbele ya mlango wa maabara kulikuwa na mtu anakaanga sambusa za nyama. Hakuzitazama hata. Alimfikiria Jincy akiinamia sahani, na akashikwa na uchungu wa kweli, ule usio na faida yoyote. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu azaliwe: akamfuata mtu na kumwambia ukweli wote bila kuulizwa. Mtu mwenyewe alikuwa Rosily, na alikuwa anamenya vitunguu.

"Amemaliza?" alisema Rosily. "Nilikuwa nasubiri amalize. Jumapili uje kula mchana. Ukae jikoni na mlango uuache wazi."

Jumapili ya sikukuu nyumba ilijaa. Mzee Chakkunni alikaa mwanzo wa meza, miaka sabini na minne, mabega kama kabati. Devassy alikaa mkono wake wa kushoto akinywa maji. Porinchu alitoa karatasi, akaipitisha kama mtu anayepitisha sahani ya sadaka iliyojaa. Mzee akavaa miwani, akasoma namba zote kwa sauti.

"Hili ni ini lako?"

"Ni langu, baba. Miiko tu. Ni kujinyima."

"Hongera, mwanangu." Mzee akavua miwani. Sauti ikashuka. "Mungu ni mkubwa. Sikutaka kuwatisha, lakini sasa naweza kusema. Langu limekufa. Daktari wa Kochi amesema nipate kipande cha ini kutoka kwa mtu wa nyumbani, mwenye ini zima, kabla ya mwisho wa mwezi. Devassy ameshapimwa, damu zetu hazipatani." Akaigonga karatasi kwa kidole. "Kundi la damu limeandikwa hapa. Ni kama langu, sawasawa. Kesho saa mbili tunaondoka. Wanakata tu hapa, mpaka hapa." Akajionyesha tumboni, na palikuwa parefu.

Porinchu alikuwa na kipande cha nyama mdomoni. Kikabaki pale pale.

"Kesho?"

"Nimeshalipia kitanda."

"Baba... hawawezi kukata kidogo, kwa mtu mwingine?"

"Mtu mwingine nani? Wewe umejinyima wiki mbili. Sikujua nina mkwe wa namna hii. Nikumbatie."

Mzee akasimama na kufungua mikono. Porinchu naye akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Aliangalia mlango, akamwangalia mkewe, akaangalia kisu cha kukatia mkate.

"Baba, ini hilo si langu!"

Devassy akaweka chini glasi yake ya maji.

"La nani?" aliuliza mzee.

Porinchu akanyoosha mkono wenye pete nne kuelekea jikoni. Lonappan, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji, aliona familia nzima ikimtazama tumboni. Akaweka bakuli chini na kuanza kurudi nyuma.

"Mzee, mimi si mtu wa nyumbani," alisema. "Mimi hata jirani si jirani."

Ndipo Chakkunni alipoketi, akachukua paja la kuku, akalitafuna kwa meno yake mwenyewe yote. "Ini langu halina neno," alisema. "Rosily ndiye aliyenifundisha maneno. Nimeyasema vizuri, binti yangu?"

"Umeyasema vizuri, baba," alisema Rosily. Alikuwa analia, na sauti yake haikutikisika. Alimgeukia mumewe. "Miaka ishirini na sita nimekupikia. Ulikuwa tayari kupoteza damu ya mtu, hela, heshima, kila kitu, ila chupa tu. Ufunguo nitakaa nao mimi. Kuanzia kesho unashika miiko ya Madhaviamma, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako mwenyewe, mpaka daktari aseme basi. Ukishindwa, ufunguo ni wa Devassy, na mimi narudi kwa baba yangu."

Porinchu akaitazama nyama iliyobaki kwenye sahani yake. "Bila chumvi?" aliuliza mwishowe.

"Bila chumvi."

Lonappan akakohoa kwa adabu. "Chechi, na ule mkufu?"

"Nimeshautenga, pavani tano, una mhuri. Nitamvalisha Jincy mwenyewe siku ya harusi, kanisani." Lonappan akafumba macho kwa furaha, akachelewa kusikia yaliyofuata. "Mpaka siku hiyo wewe ndiye mlinzi wa bwana huyu. Hila zote anazoweza kuzifanya wewe unazijua, hata ya dagaa kwenye mwavuli. Unalala anakolala, unakula anachokula. Siku ya harusi yenyewe bado mtakuwa kwenye miiko, daktari atampima kesho yake. Mmoja akionja kitu, mkufu naurudisha kabatini."

"Lakini chechi, mimi siumwi!"

"Ndiyo maana nakuamini," alisema Rosily.

Yaliyofuata mji mzima unayajua. Wanaume wawili walikuwa wakionekana kila Alhamisi asubuhi uani kwa Madhaviamma, mmoja anasukuma, mwingine anasukumwa, na siku nyingine walibadilishana. Porinchu alijaribu kila kitu na Lonappan alikikamata kila kitu, akiwa na uchungu wa fundi anayelazimishwa kubomoa kazi ya mikono yake. Tumbo la Porinchu likashuka. Macho yake yakaanza kurudia weupe wake. Walitukana kutwa, na jioni walicheza karata.

Siku ya harusi Rosily alimvalisha Jincy mkufu mbele ya watu, na bwana harusi, aliyecheka siku ya uchumba, alikuwa wa kwanza kuusifu. Lonappan alilia waziwazi. Kisha kikaja chakula: nyama ya ng'ombe, samaki, bata wa kuchoma waliong'aa mafuta. Mwisho wa meza, chini ya macho ya Rosily, walikaa wanaume wawili na mabakuli mawili ya uji.

Jincy akamletea baba yake sahani. Hakuna aliyemweleza lolote.

"Appa, nimekuchagulia paja la bata. Najua unalipenda."

Porinchu akageuza uso upande mwingine, kwa huruma. Lonappan alilitazama lile paja. Aliutazama mkufu.

"Nimeshiba, mwanangu."

"Umeshiba? Wewe?" Jincy akamwinamia, akamtazama macho kama nesi. Yalikuwa meupe. Hakuwahi kuyaona hivyo tangu alipokuwa mtoto. "Appa, Rosily chechi amesema mkufu huu umeufanyia kazi kwao. Ni kweli?"

"Kweli kabisa."

"Kazi gani?"

Lonappan alikuwa amewadanganya mapadri, polisi na wageni wa nchi saba, na siku zote waliamini. Leo, mbele ya mtu pekee ambaye yeye alitaka amwamini, akasema ukweli.

"Kutokula."

Jincy akacheka mpaka shela likamteleza kichwani. "Appa, hata leo unadanganya!" alisema, akambusu kwenye paji la uso, akaondoka na lile paja.